Mama anataka mdogo wangu aache methadoni kabla ya Ramadhani

SWALI

Shikamoo mama mshauri.

Naandika usiku huu kwa sababu kesho alfajiri natakiwa kutoa jibu, na jibu lenyewe ni nauli.

Nina miaka 36, nakaa Mbagala, nauza chai na chapati karibu na stendi. Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 31. Alianza unga, yaani heroini, akiwa na miaka 19, kwanza kwa kuvuta kokteli (bangi iliyochanganywa na unga) na wenzake, baadaye sindano. Sitakuchosha na yote ya nyuma. Itoshe kukwambia kwamba siku moja nilitoka kuoga nikakuta sufuria la maharage limewekwa chini kwa adabu, limefunikwa vizuri, ila mtungi wa gesi uliokuwa chini yake haupo. Nilikuwa bado nalipa deni la mtungi huo.

Mwaka jana mwezi wa nane mwelimishaji rika mmoja aliwafuata maskani, kule wanakokutana kutumia unga, akazungumza nao wiki nzima, mdogo wangu akakubali. Akapelekwa kliniki, akapimwa, akahudhuria vikao, ndipo akaanzishiwa methadoni, ile dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini. Sasa ana miezi saba kwenye dawa. Kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu humo humo, anapanda daladala asubuhi, anakunywa kikombe chake pale dirishani, anarudi. Nauli natoa mimi. Mchana anashona viatu chini ya mwembe jirani na meza yangu. Hajaniibia hata sindano ya kushonea. Amenenepa, anacheza na wanangu, mdogo wa miaka mitatu hali bila yeye.

Mgogoro umeanzia kwenye kikao cha familia. Mama anasema kijana ameacha haramu moja ameshika nyingine, tena hii ya serikali, na kwamba Ramadhani ikiingia anataka amwone amefunga kama watu wengine, hana dawa mwilini. Baba mdogo amekuja kutoka Lushoto, anataka kumchukua akakae naye shambani. Anasema kule kuna baridi, kuna mboga, hakuna mateja wala dirisha, mwezi mmoja tu damu itakuwa imesafika. Kilichowaogopesha zaidi ni dozi. Alianza na miligramu 30, ikapandishwa kidogo kidogo hadi 70, na sasa mwenyewe analalamika haimtoshi, anataka waongeze. Baba mdogo akauliza mbele ya wote: "Dawa gani hiyo, mgonjwa anapona, dozi inapanda?" Nilikosa la kujibu. Wakaamua niache kutoa nauli, maana mkono ni wangu.

Nakiri kwako, kwa mama sijakiri. Wiki iliyopita nilijaribu. Siku mbili sikumpa. Usiku wa siku ya pili alirudi macho yamelegea, anajikuna, nikajua ametoka maskani. Asubuhi alilia kama mtoto, nami nikampa nauli, tukanyamaza.

Halafu kuna hili, sijui kama lina maana. Wiki tatu zilizopita aligundulika ana kifua kikuu, hapa zahanati ya karibu, akaanza vile vidonge vinavyogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Zahanati hakusema kwamba anakunywa methadoni, hataki kuitwa teja. Na kliniki ya methadoni hakusema kwamba ana TB, anaogopa watamtenga. Tangu hapo halali. Saa tisa usiku namsikia uani anazunguka, anapiga miayo, makamasi yanamtoka, jasho, anasema miguu inamuuma ndani ya mifupa. Mama anasema ni ile dawa imemkataa.

Mwisho ni dogo. Kila Ijumaa ananiletea elfu mbili, eti analipa mtungi wa gesi. Naona haya kuzipokea, nauli yenyewe natoa mimi. Nizipokee?

Dada mtu, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nauli toa. Kesho alfajiri, kabla hujagusa unga (wa ngano, maana neno lenyewe limeshaharibiwa). Na akipanda hilo daladala awe na pakiti ya vidonge vya TB mfukoni, aiweke juu ya dirisha kabla hajapokea kikombe.

Umeniletea mambo mengi, na lililo kubwa kuliko yote umelitupia mwishoni ukisema hujui kama lina maana. Nimefanya kazi upande wa ndani wa dirisha kama lile kabla ya kustaafu, na niliposoma miayo ya saa tisa usiku niliiweka barua chini kwanza. Basi naanzia hapo, ya mama na ya baba mdogo yatafuata.

Ndani ya vidonge vya TB mna dawa iitwayo rifampisini. Ndiyo inayotia mkojo ile rangi ya chungwa. Ni dawa nzuri mno, bila hiyo kifua kikuu kingetibiwa kwa mwaka na zaidi. Lakini ina tabia moja: hulichochea ini lifanye kazi kwa kasi. Na ini ndilo linaloivunja methadoni. Kwa hiyo mdogo wako anakunywa 70 zile zile, ila ini linazichoma upesi, na kiasi kinachobaki kwenye damu kinaweza kushuka hata kwa nusu. Dozi iliyokuwa ikimvusha mpaka asubuhi ya pili sasa inamwishia usiku wa manane. Miayo, makamasi, jasho, maumivu ndani ya mifupa: hiyo ni arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, mwanangu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa maskani angekutajia bila kusoma kitabu. Athari hiyo hujitokeza wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuanza vidonge. Wewe umeniambia wiki tatu. Hesabu inakubali.

Kwa hiyo dawa haijamkataa, imempungukia. Na kijana anayeomba aongezewe dozi hana tamaa. Anakwambia ukweli kwa lugha pekee aliyonayo, na ninyi mkamjibu kwa kumnyima hata ile ndogo. Sisemi hivyo kukuumiza. Hukujua, na hata wahudumu wapo ambao hawaulizi.

Vidonge vya TB asiviache hata siku moja. Matibabu ni miezi sita kwa kawaida, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, na rifampisini imo tangu mwanzo hadi mwisho. Kliniki ikishajua, itampandishia methadoni hatua kwa hatua huku ikimtazama, mpaka afike asubuhi bila kuzunguka uani. Asiambiwe na mtu mtaani "kunywa mara mbili", wala asijazie pengo kwa kete ya unga au kwa valiamu, vidonge vya usingizi, za dukani. Na kitu ambacho watu husahau: siku atakapomaliza TB, ini litarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, na dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa kupita kiasi. Mtu anaweza kulala nayo asiamke. Chukua kalenda yako ya ukutani, hesabu miezi sita tangu alipoanza, weka alama ya kalamu nyekundu, na wiki hiyo mkumbushe aseme dirishani: nimemaliza TB.

Kuhusu kutengwa, kliniki za methadoni huhudumia wagonjwa wa TB siku zote, kwa sababu wanaojidunga na wanaorundikana maskani hupata TB kuliko watu wengine. Hatakuwa wa kwanza. Watampa barakoa na kumhoji kidogo, basi. Unachotakiwa kuogopa ni jingine: huyo mtoto wako wa miaka mitatu asiyekula bila mjomba. Wote mnaolala nyumba moja naye mkapimwe, na watoto walio chini ya miaka mitano, wakionekana hawana ugonjwa, hupewa dawa ya kuwakinga. Hili nalo ni la wiki hii.

(Wasomaji wengine mnaotumia methadoni: si TB peke yake. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, huishusha vivyo hivyo, na efavirenzi ya zamani ya VVU pia. Kila anayekuandikia dawa mwambie kwamba unakunywa methadoni. Aibu ya dakika moja.)

Haya, baba mdogo sasa. Swali lake ni zuri, na ningependa angeniuliza mimi. Dawa gani, mgonjwa anapona, dozi inapanda?

Methadoni haianzi kwa dozi ya kutibu, inaanza kwa dozi ya usalama. Ni dawa inayotoka mwilini polepole. Ya leo ikiwa haijaisha, ya kesho inaingia juu yake, na ya kesho kutwa juu ya hizo mbili. Ukimpa mgeni dozi kubwa siku ya kwanza anaweza kucheka nawe jioni akafa siku ya tatu. Ndiyo maana wanaanza na 20 au 30 na kupanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Huko kupanda ni kutafuta, kama fundi anavyoongeza maji kwenye zege akitazama, hakuna kilichoharibika. Watu wengi hutulia mahali fulani kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Kwa hiyo 70 ya mdogo wako haikuwa kubwa hata kabla ya TB.

Na akishatulia, kazi yake ni hii. Kwenye ubongo mna vipokezi ambavyo heroini huvikalia. Fikiria viti vya daladala. Heroini ni abiria wa fujo, anaingia kwa kishindo, gari zima linatikisika, baada ya saa nne au sita ameshuka, na viti vinabaki wazi vikipiga kelele vinamtaka. Hapo ndipo mtu anapoiba mtungi. Methadoni hukaa kwenye viti vile vile, lakini inapanda taratibu, haisukumi mtu, na inakaa mpaka kesho yake. Heroini ikija mlangoni inakuta gari limejaa. Ndiyo maana mtu aliyefikia dozi yake akienda kujidunga mara nyingi anarudi analalamika kwamba pesa yake imepotea bure.

Mama je? Mama amesema kweli nusu, na ile nusu usimkatalie, mtagombana bure. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini. Mwili wa mdogo wako unaitegemea, na akiikosa ataugua, umeshaona mwenyewe. Sitamletea mama mfano wa mgonjwa wa kisukari anayetegemea sindano zake, najua mmeshausikia mpaka umechuja. Nitamwambia hivi: kutegemea dawa na kuwa mraibu ni vitu viwili. Uraibu ni ule mtungi wa gesi. Uraibu ni kujua kwamba dada yako bado analipa deni na bado ukafunika maharage yake vizuri ukaondoka. Mama amtazame kijana wa leo chini ya mwembe na sindano ya viatu mkononi, amtafute yule wa mtungi. Hayupo. Na kulewa halewi: kwenye dozi iliyomkaa anafanya kazi, anahesabu chenji, anajua mtoto gani hajala. Akionekana anasinzia mchana kweupe, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki, kwamba dozi imezidi au kuna kitu kimechanganywa.

Hii "ya serikali" nayo ina historia yake. Madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, ndio walioanza kuitumia kwa waraibu wa heroini katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwetu ilianza Februari 2011 pale Muhimbili, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Wakenya walianza mwishoni mwa 2014, Nairobi kwanza, pwani ikafuata. Kabla ya hapo nilichokuwa nacho mimi kumpa kijana mwenye arosto ni dawa ya maumivu, dawa ya kuharisha, na pole. Nilikuwa nampa pole leo, wiki ijayo narudi kumwona kwenye machela.

Ndiyo maana safari ya Lushoto inanitisha kuliko yote, na najua baba mdogo ameileta kwa mapenzi. Baridi na mboga vitamnenepesha, sikatai. Lakini akikatishwa methadoni ghafla atapita arosto ndefu, ya methadoni huchelewa kuanza na hukaa wiki kadhaa, tena na TB mwilini. Tuseme ameivuka. Mwezi mmoja, miwili, damu "imesafika". Basi hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Mwili uliosafika umesahau kuhimili. Kete ile ile aliyokuwa akiimaliza bila kutikisika, siku akishuka mjini kwenye harusi au msiba akakutana na wenzake, inamsimamisha pumzi. Nimemjua kijana aliyerudi kutoka shambani kwa mjomba wake, mashavu yamejaa, kila mtu anampa hongera. Alikaa mjini siku tatu. Alikutwa chooni.

Hilo si langu peke yangu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi kadhaa. Katika kila watu 1,000 wakifuatiliwa kwa mwaka, waliokuwa ndani ya matibabu ya methadoni walikufa kama 11, walioyaacha walikufa kama 36. Na wiki nne za mwanzo baada ya kuacha zilikuwa mbaya kuliko nyingine. Mwezi mmoja, yaani ule ule wa baba mdogo.

Ikiwa lazima amwone, amwalike kwa matembezi, na kijana aombe kliniki yake mpango na barua ya kwenda kunywea kliniki ya mkoa aendako. Tanga ipo, Dodoma, Mwanza na Mbeya zipo. Lakini Lushoto hadi Tanga mjini si mwendo wa kwenda na kurudi kila asubuhi, kwa hiyo kukaa shambani kule kwa sasa hakuwezekani. Aseme tu: nitakuja, bado.

Mtaniuliza, basi ataacha lini? Sijui, na usimwamini atakayekutajia tarehe. Miezi saba ni mwanzo. Wengi hukaa mwaka, miwili, mitano, wengine maisha yao yote na wanazeeka nayo. Anayeacha salama ni yule aliyetulia muda mrefu, ana kazi, ana pa kulala, na mwenyewe ndiye aliyesema nataka kupunguza. Hapo dozi hushushwa kidogo sana kwa miezi mingi, na ikianza kumuuma inasimamishwa au inarudishwa, hakuna aibu. Haishushwi kwa kikao cha familia. Na haianzwi katikati ya dawa za TB.

Kuhusu Ramadhani, mimi si shehe, nitasema lililo wazi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, imemtaja mgonjwa na msafiri kabla sisi hatujabishana. Mdogo wako ni mgonjwa mara mbili, ana vidonge vya TB na ana kikombe cha kila siku, na kikombe cha mchana kinafunguza. Aulize kliniki kama wana utaratibu wa saa wakati wa mwezi mtukufu, kwa kuwa dozi moja kwa siku inaweza kusogezwa usiku pale huduma inaporuhusu. Pasiporuhusu, aende kwa imamu mnayemwamini, aeleze ugonjwa wote bila kuficha, aulize kuhusu kulipa au fidia. Nenda naye. Maimamu wengi wa pwani hii wamezika vijana wa kutosha, utashangaa watakavyomsikiliza. Ila asiruke dozi kimyakimya ili mama afurahi mezani wakati wa futari.

Zile siku mbili, mwanangu, ulikosea, na nadhani ulijua tangu usiku ule. Usizibebe tena. Ila kliniki lazima iambiwe na hilo: siku gani alikosa, na kwamba aligusa unga. Hawatamfukuza kwa kusema. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba akikosa siku tatu au zaidi asinywe dozi yake ya zamani mpaka atazamwe, kwa sababu uhimilivu hushuka upesi na dozi yake mwenyewe inaweza kumgeuka. Na kwa kuwa maskani amerudi mara moja, jua dalili: haamshiki, anakoroma kwa mkoromo usio wake, midomo imekuwa ya buluu, macho ukiyafungua mboni ni kama kichwa cha pini. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa wala chumvi kama wafanyavyo vijana, atapaliwa. Mlaze ubavu, muite kwa nguvu, kama hapumui mpulizie pumzi, na hospitali mara moja. Kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha mtu mbele ya macho yako, lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja hivi, wakati methadoni bado imo, kwa hiyo hata akiamka na kukutukana asiondoke hospitali.

Sasa, maneno yangu haya yote kwa mama yatakuwa barua tu. Mpeleke dirishani. Siku moja, asubuhi. Atakuta foleni ya watu wa kila namna: mwanamke mjamzito (naye hunywa, kumkatisha ndiko kunakohatarisha mimba), mzee wa miaka sitini, kijana aliyevaa sare ya ulinzi anayewahi zamu. Kila mmoja anataja namba yake. Muuguzi anasoma faili, anamtazama usoni, sio kwa heshima tu, anatazama macho yamelegea au la. Kikombe cha plastiki, kimiminika kidogo kisichojaza kijiko cha pilau, anakunywa hapo hapo. Kikombe kinaongezwa maji, anakunywa tena. Halafu muuguzi anasema, "Habari za nyumbani?" na lazima ujibu, kwa sauti, kwa maneno. Watu wa nje hudhani ni ukarimu. Ni kuhakikisha imemezwa, haikubaki mdomoni ikauzwe. Mimi nimeuliza habari za nyumbani mara maelfu kwa sababu hiyo, lakini ukiulizwa kila siku miezi saba unaanza kujibu kweli. Mama asimame pembeni asikie mwanawe anavyojibu.

Kuna mtu aliniambia zamani kwamba neno "teja" limetokana na ile sauti ya simu, mteja unayempigia hapatikani. Sijui kama ni kweli. Lakini yule wa kwako kwa sasa anapatikana, saa tatu asubuhi, dirishani, kila siku.

Elfu mbili zake zipokee. Usizirudishe mfukoni mwake kwa siri, usizichanganye na za nauli. Nunua daftari dogo, andika tarehe na kiasi, naye atie sahihi, na ukurasa wa kwanza muandike bei ya mtungi ule.

Na kuhusu wanao, narudia, wiki hii wakapimwe.

Mama yako wa safu hii